Eti "wewe uko mbali, utajuaje kama inavuja?" Msimamizi wa nyumba amenivunjia heshima

Wakuu, ninaandika nikiwa bado ninatetemeka kwa hasira, kwa kuwa simu nimeikata sasa hivi. Jina lake sina haja ya kulitaja, maana kila mwenye nyumba ya kupangisha anayeishi mbali nayo anamfahamu: ni yule anayepatikana mara moja siku ya kutumiwa fedha za matengenezo, kisha simu yake haipatikani mpaka fedha nyingine zihitajike. Leo mtu huyo ameniuliza, kwa sauti iliyotulia kabisa, "Wewe uko mbali, utajuaje kama inavuja?"

Nitajuaje? Mpangaji amenipigia simu ya video, nami nimeyaona maji yakidondoka kutoka kwenye dari ileile ambayo nilitumiwa picha yake ikiwa nyeupe, pamoja na maneno "kazi imekamilika". Kilichokamilika ni rangi! Fedha niliyotuma ilikuwa ya kubadilisha kiungio cha bomba lililo juu ya dari hiyo na kuziba tundu la ukubwa wa kidole, ambalo kwa hesabu zake lilihitaji saruji ya kujenga daraja la treni. Kiungio hakikuguswa. Doa lilipakwa rangi, na kwa kuwa rangi haizuii unyevu, limerudi likiwa pana zaidi, rangi imefura na kubanduka, na sasa maji yanafuata waya hadi kwenye taa, katika chumba wanacholala watoto. Nimemwomba mpangaji azime umeme kwenye swichi kuu. Baada ya yote hayo, mimi ndiye ninayeulizwa nitajuaje!

Angesema fundi amekosea, ningemwelewa, kwa sababu maji hutambaa juu ya zege au mbao kabla ya kudondoka, na doa linaweza kuonekana mbali na tundu lenyewe. Lakini yeye hakutafuta chochote. Hakufunga hata koki zote ili atazame kama mita bado inazunguka, kazi isiyohitaji fundi wala senti moja. Alichopima ni umbali uliopo kati yangu na nyumba yangu, akaona unamtosha, akauliza utajuaje.

Ndoo Tupu: Pole mkuu, lakini umelipia dari nyeupe, na dari nyeupe zimejaa duniani. Ulipaswa kudai picha ya kiungio cha zamani kikiwa kimefunguliwa, kisha ya kipya kikiwa mahali pake kabla dari haijafungwa, na kubakiza sehemu ya malipo mpaka mpangaji athibitishe. Wewe umenunua rangi kwa bei ya bomba.

Mwenye uzi: Picha nilizidai, nikatumiwa ya kiungio kipya kikiwa juu ya meza. Kiungio kilicho mezani hakizuii maji, na nilipomwambia hivyo ndipo aliponiuliza nitajuaje.

Mpangaji Mvumilivu: Ninyi mlioko mbali mnalia, lakini anayeamka usiku kumwaga ndoo ni mpangaji. Mwenye nyumba wangu alinitaka nitengeneze kitasa cha mlango kwa fedha yangu, akaahidi kuikata kwenye kodi, na sasa anasema hakumbuki mazungumzo hayo. Risiti ninayo, ujumbe wake ninao, na kodi anaidai kamili.

Spana ya Zamani: Mimi ni fundi bomba, nami nina langu. Msimamizi hutuita na kutuambia kwamba mwenye nyumba ameagiza rangi tu, tunapaka, kisha lawama zinatuangukia sisi, kwa sababu mwenye nyumba hana namba zetu na hakuna aliyemwonyesha bomba lenyewe. Wapangaji nao humwaga mafuta ya kupikia kwenye sinki, yakiganda wanaripoti kwamba bomba ni bovu.

Mpangaji Mvumilivu: Ndugu fundi, mafuta hayaharibu boya la tangi la choo. Langu limekwama, maji yanamwagika mchana kutwa, na bili inakuja kwa jina langu.

Ndoo Tupu: Boya likichakaa ni la mwenye nyumba. Sinki likizibwa na mafuta ni la mpangaji.

Mwenye uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye mada. Mtu ameniuliza nitajuaje kama nyumba yangu inavuja!

Spana ya Zamani: Tumekusikia mkuu, tumalize kwanza hili la boya. Mara nyingi halihitaji kubadilishwa lote. Raba yake ndogo ndiyo huisha, na ni kazi fupi mno.

Mpangaji Mvumilivu: Kama ni kazi fupi, mbona fundi aliyetumwa kwangu aliondoka na mfuniko wa tangi akisema anakwenda kutafuta unaofanana nao, na mpaka leo hajarudi?