Naomba ushauri: sisplatini haitoi mkia kwenye kipimo cha kometi

Wakuu, habari za kazi. Naombeni msaada, hasa waliozoea kipimo cha kometi (umeme huvuta DNA ya seli, na iliyokatika hutoka kwenye kichwa kama mkia).

Seli ni za HeLa (za saratani ya binadamu), kwenye agarosi ya 0.5%. Zinapasuliwa na chumvi kali yenye sabuni ya Triton, pH 10, saa 1 kwenye friji. Kisha dakika 20 kwenye alkali ya pH zaidi ya 13, na umeme wa volti 0.8 kwa sentimita, dakika 20. Taa zinazimwa, hilo msiniulize.

Etoposaidi, dawa ya saratani, inatoa mkia safi, kwa kuwa inazuia kimeng'enya cha topoisomerasi 2 kisiunganishe tena nyuzi za DNA kilizozikata. Sisplatini, nayo dawa ya saratani, ndiyo shida: kichwa duara, utadhani seli hazijaguswa. Imeyeyushwa kwenye maji ya chumvi 0.9%, si kiyeyushi cha DMSO, ambacho huiharibu.

Najua haikati nyuzi. Hushika gwanini (besi za DNA) zilizo jirani kwenye uzi uleule, na mara chache hufunga nyuzi mbili pamoja, hivyo DNA haisogei. Mpango ni kuzipa seli haidrojeni peroksaidi mikromola 100, ambayo hukata nyuzi, baada ya dawa, dakika 5 juu ya barafu, kisha kupima mkia umefupika kiasi gani kuliko wa seli zisizopewa sisplatini.

Je, peroksaidi hiyo inatosha, au mnatumia mionzi? Na baada ya kuosha dawa, mnasubiri saa ngapi?