Ndege ya plastiki inakalia mkia, nifanye nini?

Kipanga_wa_Umoja
Wadau, habari za jioni. Naomba msaada wa haraka na tafadhali msinicheke.

Nimeunda ndege ya kivita ya plastiki, Hawker Hunter, kipimo cha 1/72, yaani urefu wake ni kama sentimita 19. Wiki tatu nzima, kila usiku nikitoka kazini, juu ya meza ile ile ninayolia ugali. Nimegandisha kila kitu, nimepaka rangi ya kijani na kijivu. Jana nikaweka magurudumu, nikaisimamisha. Ikainua pua polepole kama mbuzi anayetafuta majani ya juu, halafu ikakaa kitako. Nikiisukuma mbele inarudi kukaa.

Nataka isimame kwa magurudumu yake matatu kabla ya Jumamosi. Kuipasua tena siwezi. Kuiweka kwenye kijiti ionekane kama inapaa pia siwezi, na msiniulize kwa nini.

FundiRangi
Pole. Hukutia uzito puani. Ndege zenye gurudumu dogo mbele huwa hivyo: plastiki nyingi iko nyuma ya magurudumu makubwa, mbawa zimelala kwenda nyuma, mkia nao mrefu. Ni kama pembea ya ubao ambayo watoto wote wamekaa upande mmoja. Uzito hutiwa kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili. Karatasi ya maelekezo haikukwambia?

Kipanga_wa_Umoja
Haikuwa na karatasi. Nilinunua soko la Toi, sanduku limeshafunguliwa, shilingi 1,800. Muuzaji aliapa kwa jina la mamake kwamba hakuna kilichopungua.

Tumbo_Joto
Elfu moja mia nane?? Ndege isiyopaa, na sasa hata kusimama haisimami? Buda, ungeniletea mimi hizo pesa, ningekukalia mkia bure.

MamaWawili
Mimi kijana wangu alianza na vigari hivi hivi. Leo ana miaka 24, amejaza chumba, ukimwambia aende kutafuta kazi anasema gundi haijakauka. Sisemi wewe ni kama yeye, lakini mzazi wako anajua unavyotumia usiku wako?

Mwanapwani
Yakhe, hili jambo dogo. Tafuta chubwi, zile ndogo kabisa. Toboa tundu juu ndani ya kile kishimo cha gurudumu la mbele, zitumbukize mojamoja, zifuate puani. Kwisha.

Tumbo_Joto
Chubwi ndio nini? Hapa Nairobi hiyo inauzwa kwa duka la dawa?

Mwanapwani
Kile kirisasi cha kuzamishia mshipi, wewe uliyekulia samaki wa kwenye karatasi.

FundiRangi
Mwanapwani amesema kweli, ila sikiliza kabla hujatoboa. Kwanza, zibandike chubwi nje ya pua kwa selotepu mpaka isimame, ndipo ujue zinatakiwa ngapi. Ongeza moja juu ya hesabu hiyo, kwa sababu zikiwa ndani hazitafika mbele kabisa, na kadiri uzito unavyorudi nyuma ndivyo unavyotakiwa mwingi. Pili, usizishike kwa gundi nyeupe ya mbao. Gundi ile na risasi haviivani: baada ya muda risasi huota unga mweupe, huvimba na kupasua pua yote. Tumia gundi ya mirija miwili inayochanganywa. Superglue itashika pia, lakini mvuke wake unaweza kutia ukungu kwenye kioo cha rubani, na huo hautoki kwa kufuta na shati.

Nyundo_ya_Githurai
Nyinyi mnajibu ya chubwi, mimi nataka kujua ya Jumamosi. Kwa nini Jumamosi? Na kwa nini kijiti hakifai, wakati ndege yoyote hupendeza ikiwa hewani? Mficha uchi hazai, bwana Kipanga.

Kipanga_wa_Umoja
Sawa. Jumamosi ni ruracio, yaani tunapeleka mahari kwa Wakikuyu. Ndege ni zawadi ya baba mkwe mtarajiwa, anafikisha miaka 62 mwezi huu. Alikuwa Jeshi la Anga zamani. Sebuleni kwao Nyeri kuna picha moja, nyeusi na nyeupe, kijana amesimama kando ya ndege, nayo iko chini, kwa magurudumu. Nataka ifanane na picha. Ndio maana.

Tumbo_Joto
Wazee wanangoja mwati na harika, yaani kondoo na mbuzi jike wachanga wa mahari, wewe unashuka kwa matatu na ndege ya plastiki. Naomba niwe kwa huo msafara, hata nibebe kreti za soda.

MamaWawili
Mimi nimeguswa. Wakwe hukumbuka mtu aliyefikiria. Lakini usiende na ndege peke yake, mwanangu. Mbuzi ni mbuzi.

Kipanga_wa_Umoja
Mama, mbuzi tumeshapanga. Mimi si wa huko, natoka Kakamega, kwa hivyo msemaji wetu ndiye anajua taratibu. Nimeshamwambia aitaje ndege kwenye hotuba.

Babu_wa_Eastleigh
Jeshi la Anga lipi, kijana? La kabla ya 1982 au la baada? Hayo ni majeshi mawili. Tarehe 1 Agosti, Jumapili, nilikuwa darasa la tano. Alfajiri baba akafungua redio, Sauti ya Kenya ikatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Milio ikaanza upande wa kambi. Alitulaza chini ya kitanda watu saba, hatukutoka mpaka Jumatatu. Haja ndogo tulijisaidia kwenye sufuria ya ugali, na mama hakuitumia tena sufuria ile, aliigeuza ya kuku. Jaribio lenyewe, la wanajeshi wa Jeshi la Anga, lilizimwa siku hiyo hiyo. Jeshi la Anga likavunjwa, likaundwa upya kwa jina la Jeshi la Anga la '82, na jina la zamani halikurudi mpaka 1994. Pale mtaani petu kulikuwa na wanajeshi wanne waliopanga nyumba. Sikuwaona tena hata mmoja. Walioachiliwa wengi hawakupenda kutajiwa ndege hata ya abiria.

Nyundo_ya_Githurai
Haya, jibu hilo. Na mchumba wako anasemaje?

Kipanga_wa_Umoja
Hajui. Nataka kuwashtukiza wote.

Nyundo_ya_Githurai
Hajawahi kusema lolote kuhusu hiyo picha? Hata siku moja?

Kipanga_wa_Umoja
Alisema mara moja tu, mwaka jana, kwamba nyumbani kwao mambo ya ndege hayaongelewi. Lakini alisema akiwa anapika, si kama onyo. Na picha wameitundika wenyewe, juu ya kabati la vyombo, kila mgeni anaiona. Mtu anayetaka kusahau hatundiki picha. Halafu nimeshaandika nambari ya ile ndege ubavuni kwa mkono, kwa brashi ya nywele tatu, imenichukua siku mbili. Siwezi kurudi nyuma sasa.

MamaWawili
Nimeufuta ule ushauri wangu wa kwanza. Peleka mbuzi.

Kunguru_254
Ngojeni kidogo. Nimesoma uzi huu wote na hesabu zinakataa.

Mtu wa miaka 62 alizaliwa karibu na uhuru. Hunter za Kenya zilinunuliwa Uingereza miaka ya 1970, zikaja kuishia Zimbabwe. Ndege za kivita za F-5 zilifika kabla ya hiyo 1982 mnayoililia. Sasa baba mkwe alikuwa anafanya nini kando ya Hunter, amevaa kaptura ya darasa la saba? Mwaka jana tulichangishwa humu kwa jeneza la mtu ambaye tulimkuta hai Kasarani. Huyu naye kesho ataleta nambari ya simu ya kuchangia mbuzi. Hadithi imetungwa, tena imetungwa vizuri.

Tumbo_Joto
Ndio maana nilijiuliza, nani anakula ugali kwenye meza yenye gundi.

Kipanga_wa_Umoja
Sijaomba hata shilingi. Nimeomba ndege isimame. Picha hii hapa, nimeweka kiberiti kando yake muone ukubwa.

Kunguru_254
Kiberiti kipo kila mahali.

Mwanapwani
Mkia kweli umelala mezani. Mtu hatungi aibu kama ile.

FundiRangi
Kunguru hesabu zake ziko sawa, lakini hesabu si lazima ziwe za Kipanga kudanganya. Kipanga, nieleze picha ya sebuleni. Una hakika ni Hunter?

Kipanga_wa_Umoja
Nililinganisha na picha nyingi. Matundu ya kuingizia hewa yako pale mbawa zinapoanzia, ya pembetatu. Na chini ya pua kuna vivimbe viwili kama mashavu. Kijana ameweka mkono juu ya kimoja.

FundiRangi
Basi ni Hunter. F-5 ina pua kama sindano, na kwenye Strikemaster, ndege nyingine ya kivita, marubani wawili hukaa bega kwa bega. Vivimbe hivyo ni vya kupokea viungo vya mkanda wa risasi bunduki zikipiga. Waingereza waliviita Sabrina, jina la mwigizaji mmoja, na sababu mtaipata wenyewe. Mizinga yake minne ya milimita 30 hukaa pamoja kwenye kifurushi kimoja tumboni: kikimalizika hushushwa chote, kinapandishwa kingine. Anayeweka mkono pale namna ile, mimi ningesema ni fundi wa silaha, hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Rubani angepiga picha kwenye ngazi.

Sasa swali. Nani alikwambia huyo kijana ni baba mkwe?

Kipanga_wa_Umoja
Wanafanana. Pua ile ile kabisa.

FundiRangi
Sikuuliza hivyo.

Kipanga_wa_Umoja
Hakuna aliyeniambia.

Babu_wa_Eastleigh
Pua ni ya ukoo mzima. Mchumba ana kaka wangapi?

Kipanga_wa_Umoja
Watatu. Kwa nini?

Babu_wa_Eastleigh
Kwa Wakikuyu wa kwanza huitwa babu wa upande wa baba, wa pili babu wa upande wa mama. Kuanzia wa tatu wanaingia ndugu za baba. Huyo wa tatu anaitwa nani? Usiandike hapa. Jiulize tu kama umewahi kuonana na mkubwa wa jina hilo pale nyumbani.

Kipanga_wa_Umoja
Sijawahi. Mama mkwe hulitaja kwenye maombi kabla ya chakula. Nilidhani anamwombea kijana wake.

Tumbo_Joto
Wueh.

Kunguru_254
Bado nasema inaweza kuwa imetungwa. Lakini kama haijatungwa, kijana, usimpe msemaji wako hotuba hiyo.

MamaWawili
Mpigie msichana sasa hivi. Usingoje Jumamosi.

Kipanga_wa_Umoja
Nimemtumia ujumbe, kupiga niliogopa. Nimeuliza kwenye picha ni nani. Amejibu: "Nani alikwambia ni baba?" Tangu hapo naona anaandika, anaacha, anaandika, anaacha. Dakika ishirini sasa.

Nyundo_ya_Githurai
Mpigie, wewe!

Mwanapwani
Mwache aandike, ana mengi huyo. Wewe chubwi umepata?

Kipanga_wa_Umoja
Nimepata, kuna jirani huwa anaenda kuvua Naivasha. Nimezibandika nje kwa selotepu kama Fundi alivyosema. Mbili hazikutosha. Ya tatu imeshusha pua. Imesimama hapa mbele yangu, kando ya simu.

FundiRangi
Usitoboe bado.

Kipanga_wa_Umoja
Sitoboi. Ameanza kuandika tena.