Slivu au baipasi? Nina kiungulia na kisukari, nisaidieni kuchagua

BintiTanga
Habarini za humu ndani. Jambo hili la upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, slivu au baipasi, limenizungusha kichwa muda mrefu, nimeona niwaletee wenye uzoefu.

Nina miaka 37, kilo 118, urefu sentimita 161, kwa hiyo BMI yangu, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ni 45 na ushee. Kisukari aina ya pili kiligunduliwa miaka mitatu iliyopita, natumia metformini. Presha nayo nameza dawa. Kupunguza chakula, kutembea, vinywaji vya kukata mafuta, vyote nimepitia. Kilo zinashuka kisha zinarudi na nyongeza.

Daktari mmoja wa Dar ameniambia nifanye slivu, ni fupi na kupona ni haraka. Mwingine wa Nairobi niliongea naye kwa simu, akasema kwa hali yangu yeye angechagua baipasi. Rafiki yangu kafanya slivu na kapendeza kweli, moyo wangu uko huko. Ila usiku kiungulia hunikaba, nalalia mito mitatu. Na bado natamani mtoto mmoja, Mungu akijalia. Waliofanya semeni ukweli, na machungu yake.

MamaIlham
Pole mwaya. Mimi nilifanya slivu India. Kutoka kilo 131 sasa niko 84. Presha imeisha, magoti hayalii tena, napanda ngazi za kwetu Kariakoo nimebeba mzigo. Sijutii hata kidogo.

Ila umeomba machungu. Mwezi wa nne nywele zilitoka mkononi kila nikichana, zilirudi baadaye. Kupungua kwa kasi kuliniletea mawe ya nyongo, nikapasuliwa tena kutolewa kifuko cha nyongo. Na kiungulia ambacho sikuwa nacho kabisa kabla, kilianza mwaka wa pili. Sasa nameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, kila asubuhi, na daktari wangu wa hapa ameshagusia kwamba kikizidi atanibadilishia iwe baipasi. Wewe unacho tayari kabla ya kisu, dada. Huyo daktari wa slivu alikuuliza habari za kiungulia?

BintiTanga
Hapana. Aliniuliza kilo, sukari na presha tu.

Muuguzi_Upareni
Mdogo wangu, hapo ndipo pa kusimama kwanza. Niko wodi ya upasuaji miaka mingi, wagonjwa hawa nawapokea wakitoka kupasuliwa na nawaona tena wakirudi kliniki. Ngoja nieleze kinachofanyika ndani, maana wengi wanalinganisha picha za kabla na baada, hawalinganishi upasuaji wenyewe.

Slivu: zaidi ya robo tatu ya mfuko wa tumbo inakatwa na kutolewa nje, unabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Utumbo hauguswi. Kile kipande kilichotolewa ndicho hutengeneza sehemu kubwa ya grelini, homoni ya njaa, ndiyo maana watu hushangaa hamu ya kula imekatika ghafla. Lakini kilichokatwa hakirudi, na mrija ule mwembamba hujaa presha inayosukuma asidi kwenda juu.

Baipasi: hakuna kinachotolewa. Mfuko wa tumbo unagawanywa, juu kinabaki kifuko cha mililita 30 hivi, kisha utumbo mwembamba unapandishwa na kuunganishwa nacho. Chakula kinaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Asidi karibu yote inabaki kule kulikotengwa, kwa hiyo kiungulia hutulia kwa wengi. Gharama yake ni kwamba huko kunakorukwa ndiko madini chuma na kalsiamu hufyonzwa zaidi. Vidonge vya virutubisho ni vya maisha yote, na vipimo vya damu kila mwaka. Kwenye slivu pia unameza, ila kwenye baipasi ukizembea utaumia mapema.

Takwimu ninayowaonyesha wagonjwa ni ya Finland. Walichukua wagonjwa 240 kati ya 2008 na 2010, wakawagawa kwa kura, wengine slivu wengine baipasi, wakawafuatilia miaka 10. Wa slivu walipunguza asilimia 43.5 ya uzito wa ziada, wa baipasi asilimia 50.7. Tofauti ipo, lakini si ile ya kumfanya mtu apigane. Kisukari kilitulia kwa asilimia 26 ya wa slivu na 33 ya wa baipasi, nayo haikuwa tofauti kubwa. Sasa angalia umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni: walipopigwa kamera, majeraha ya asidi yalikutwa kwa asilimia 31 ya waliofanya slivu, na asilimia 7 tu ya waliofanya baipasi.

Kwa hiyo mimi kwa mtu wa kilo zako nisingeanza na swali la kilo. Ningeanza na hiyo mito mitatu. Omba upigwe kamera ya tumbo kabla hujakubaliana na yeyote, waone umio ukoje, kama una henia, yaani tumbo kupanda kifuani, na wapime bakteria wa vidonda vya tumbo, ambao huku kwetu ni wengi. Wakikutwa watibiwe kwanza.

Juma_K
Samahani wakubwa, kwa nini ajikate wakati kuna puto la tumboni? Hospitali ya Mloganzila, Dar, wanaweka, hakuna kisu. Na sindano za kupunguza uzito za semaglutaidi je?

Muuguzi_Upareni
Swali zuri mdogo wangu. Puto linawekwa kwa kamera kupitia mdomoni, kwa kawaida linakaa miezi 6 halafu linatolewa. Siku za mwanzo ni kichefuchefu na kutapika. Linamfaa mwenye uzito wa kati, au anayehitaji kushuka kidogo ili apasuliwe kwa usalama. Kwa BMI 45 yenye kisukari, likitoka uzito mara nyingi unarudi. Sindano zinafanya kazi kweli, sizipingi, lakini waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha karibu theluthi mbili ya walichopunguza ndani ya mwaka. Anayeweza kuzilipia mwezi kwa mwezi, miaka na miaka, azungumze na daktari wake.

BabuLikoni
Mwanangu BintiTanga, mimi ni mtu wa Mombasa, nina baipasi. Nilikuwa na sukari na kiungulia kama wewe. Insulini walianza kunipunguzia nikiwa bado kitandani hospitali, kabla hata kilo hazijashuka za maana. Hilo uwaulize mapema: nani atakurekebishia dawa wiki za mwanzo? Ukiendelea na dozi ya zamani sukari yaweza kushuka ukaanguka. Metformini peke yake si hatari sana kwa hilo, lakini wengine humu wasoma nao wako kwenye insulini.

Sasa nikwambie maisha yenyewe. Sukari ya haraka mwili haipokei tena. Arusini nilipewa juisi ya ukwaju, nikainywa yote kwa adabu. Haikufika nusu saa moyo wadunda, jasho latiririka, tumbo lanisokota, nikapelekwa chumba cha ndani kulala. Ndiyo dampingi wanayoitaja, chakula kitamu kinamwagika utumboni kwa kasi. Tangu hapo naomba maji.

Ugali mkavu, chapati na nyama ya kutafuna sana hunikwama. Samaki wa mchuzi, mayai, mtindi, pojo laini, hivyo vyapita vizuri. Huanza na kitoweo, wanga mwisho ikibaki nafasi. Maji sinywi na chakula, nangoja nusu saa.

Na vidonge: madini chuma asubuhi, kalsiamu mchana, usivimeze pamoja maana vyagombana, viachane saa mbili. Chai ya rangi nayo iweke mbali na ya chuma. Mke wangu ndiye msimamizi, ameviweka kando ya saa ya adhana.

Jambo la mwisho, maumivu ya mgongo usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni. Pale kifuko kilipoungwa na utumbo vyaleta vidonda. Sigara hali kadhalika.

Zuhura_Leicester
Naungana na Babu. Shikamoo Babu. Huku Uingereza baada ya upasuaji hospitali inakufuatilia angalau miaka miwili, halafu daktari wa mtaani anakupima kila mwaka. Nasema hivi si kujisifu na nchi ya watu, ila nimeona ndugu waliosafiri kupasuliwa Uturuki wakarudi na karatasi mbili na hakuna anayewajua tena. Dada, kabla ya kulipa popote ulizia: nikitapika usiku wa manane nikiwa Tanga, nampigia nani? Feritini (akiba ya madini chuma), vitamini B12 na vitamini D nitapima wapi? Kutapika mfululizo wiki za mwanzo si jambo la kuvumilia nyumbani, vitamini B1 huisha haraka na mishipa ya fahamu ikaharibika.

Na habari ya mtoto: huku wanataka usubiri mwaka hadi mwaka na nusu baada ya upasuaji, uzito utulie. Uzazi hufunguka ukipungua, hivyo usitegemee bahati. Vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi havitegemewi, chukua kijiti au kitanzi. Ukipata mimba, mwambie mkunga mapema kwamba una baipasi. Kile kipimo cha kisukari cha mimba cha kunyweshwa glukosi kinaweza kukupa dampingi, kuna njia nyingine za kupima.

BintiTanga
Asanteni sana, nimesoma hadi machozi. Maswali mawili. Wakala mmoja ananiambia baipasi ndogo, ile ya kiungio kimoja, ni nafuu na inapunguza zaidi. Na je, Ramadhani nitafunga?

Muuguzi_Upareni
Ya kiungio kimoja ni upasuaji halali na unafanyika sana India. Inapunguza vizuri na kisukari inakisaidia. Tatizo ni kwamba nyongo inaweza kupanda hadi kwenye kifuko na umio, na wewe umio wako tayari unalia. Ningeiweka nyuma ya baipasi ya kawaida kwa mtu mwenye kiungulia kikali. Wakala si wa kukuamulia hili. Ukisikia mpira wa kubana tumbo, achana nao, huteleza na wengi huishia kuutoa.

Saumu, madaktari wengi hutaka mwaka mzima upite, wengine mwaka na nusu, kwa sababu ya maji na protini. Gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku kuziingiza usiku mmoja kwenye kifuko kidogo ni kazi kubwa.

MamaIlham
Mimi mwaka wa kwanza sikufunga, nilitoa fidia kwa ushauri wa shehe wetu.

BintiTanga
Nimeshapanga kamera ya tumbo wiki ijayo. Moyo bado uko kwa slivu, sitadanganya, lakini umio ukionekana umeharibika nakubali baipasi. Majibu nitampelekea yule wa Nairobi, na wa Dar pia, niwasikie wote wawili wakiwa na karatasi ileile mbele yao.

Muuguzi_Upareni
Hapo sawa kabisa. Kama unameza omeprazoli kwa hicho kiungulia, wapigie leo uwaambie. Huwaficha wale bakteria, kwa hiyo mara nyingi husimamishwa wiki mbili kabla ya kipimo, na wanaweza kukusogezea tarehe. Usiiache kabla hujawauliza. Beba na orodha ya dawa zako zote, za presha pia.

BintiTanga
Naimeza, dada. Nawapigia sasa hivi.