Wanachukua jina na hadithi ya komiki, michoro wanaitupa. Hizi katuni za mashujaa zitalipuliwa hadi lini?

Wakuu, heshima kwenu. Nimeamka na hasira, mnivumilie.

Jana usiku nimejitafutia mwenyewe. Nilifungua komiki ya Batman, The Killing Joke, ile ya 1988, nikaiweka mapajani, kisha nikawasha filamu yake ya katuni ya 2016. Kwenye komiki kuna pale Joker, adui wa Batman, anapotoka kwenye maji ya kemikali: kashika kichwa kwa mikono miwili, mvua inampiga, anacheka. Mchoraji wake, Brian Bolland, kachora mpaka unywele mmoja mmoja, mpaka mikunjo ya uso. Ukifika hapo unasahau kugeuza ukurasa. Nikaisimamisha filamu ilipofika palepale. Uso bapa! Mistari michache, rangi imemwagwa, bora liende.

Sauti sina ugomvi nazo, Kevin Conroy (Batman) na Mark Hamill (Joker) waliijua kazi. Ila filamu yenyewe ni dakika 76, na karibu nusu saa ya mwanzo ni hadithi ambayo kwenye kitabu haipo kabisa, ati Batman na Batgirl wanalala pamoja. Muda wa kutunga upuuzi huo ulipatikana, wa kuchora uso ukakosekana.

Na ingekuwa ni hiyo moja ningenyamaza. Komiki ngapi zenye mkono wa kipekee zimepitishwa kwenye kinu kilekile zikatoka na taya za mraba zilezile, mabega yaleyale, vivuli hakuna? Mchoraji kavunja mgongo, kumbe wao wanataka jina la kubandika kwenye jalada. Shujaa anasimama kama mlingoti, midomo tu ndiyo inacheza. Halafu tunaambiwa wameiheshimu komiki kwa sababu maneno ni yaleyale. Komiki ni maneno tu? Basi si wangetusomea redioni!

Tazameni Into the Spider-Verse ya 2018, ile sehemu ya msituni. Peter, Spider-Man mzoefu, anatembea kwa picha 24 kwa sekunde, Miles, Spider-Man mpya, kwa 12, wote wawili mbele ya macho yako kwa wakati mmoja. Kwa hiyo unamwona Miles anakwamakwama, unajua ni mwanafunzi kabla hajafungua mdomo. Na vile vidoa vya uchapaji wa zamani wameviacha vionekane. Mtu kakaa na komiki akajiuliza karatasi inafanya nini.

Najua kuna mtu hapo anachapa "bajeti, mkuu, bajeti". Sawa, ile ilikuwa na hela. Tuje kwenye runinga basi, tena kipindi cha watoto. Batman: The Animated Series ya 1992, mandhari yake yalichorwa juu ya karatasi nyeusi. Yaani mchoraji anaanza na usiku, kazi yake ni kuongeza mwanga tu: dirisha moja, taa ya barabarani, ukingo wa jengo. Kile kiza chote unachokiona ni karatasi! Hapo hela gani iliyotumika zaidi ya akili? Na walewale ndio waliomzaa Harley Quinn, yule msaidizi wa Joker, komiki zikaja kumchukua baadaye. Mr. Freeze alikuwa mhalifu wa bunduki ya barafu tu, wao wakampa mke mgonjwa, Nora, na komiki nazo zikafuata. Katuni ilikuwa inailipa komiki deni lake.

Hata Spider-Man ya 1967, ya kuungaunga kabisa, utando umechorwa kwenye kinyago, glavu na buti, kifuani hamna utando ili kupunguza mistari, na picha zilezile za kuning'inia mjini zinarudiwa mpaka unazikariri, mimi naiheshimu. Shida yao ilionekana wazi. Hawa wa siku hizi wanalipua kwa rangi safi na trela ya kelele.

Haya, njooni mniambie "ni katuni tu". Ila mkija, mje na ukurasa mmoja wa komiki na picha ya filamu yake, mviweke pamoja hapa tutazame.