Tupeane uzoefu: pikipiki ya safari ndefu inakula wese kiasi gani kweli, Tabora hadi Kigoma?

Mtemi wa Isevya

Wakuu habari za jioni.

Nipo Tabora mjini. Kwa mizunguko yangu natumia Boxer 150, nayo sina ugomvi nayo. Sasa kuna Suzuki V-Strom 650 ya mtumba naichungulia, kwa sababu nina ndugu Kigoma na nimechoka kukaa kwenye Boxer karibu kilomita 400 mgongo ukilia. Mama watoto kauliza swali moja tu: hilo dude linakula mafuta kiasi gani? Nimeulizia mtaani, majibu yanaanzia kilomita 12 kwa lita hadi 30. Anayesema 30 ndiye muuzaji. Anayesema 12 hajawahi kuimiliki.

Kwa hiyo naomba tupeane uzoefu, pikipiki yoyote, ndogo kwa kubwa, ila iwe ya safari. Sharti ni moja: usilete namba ya kipeperushi wala ya "nadhani". Leta ya full kwa full. Yaani umejaza hadi shingoni, tripu mita umerudisha sifuri, umetembea, umejaza tena hadi pale pale, ukagawa kilomita kwa lita zilizoingia. "Niliweka ya elfu kumi nikafika" siyo kipimo, tank ilikuwa na nini ndani?

Naanza na yangu. Boxer, Tabora hadi Urambo na kurudi, peke yangu, mwendo wa 60 hadi 70: kilomita 186 kwa lita 3.7. Hiyo ni 50 kwa lita. Nikimpakia mtu na gunia la karanga inashuka hadi 42 hivi.

Kibirizi mwisho wa reli

Mwakeye mkuu. Mimi napakia pikipiki kwenye treni Tabora, nashusha Kigoma. Inakula lita sifuri.

Mtemi wa Isevya

Hahaha, haya weka na nauli ya mzigo basi tugawe.

Ndono Kwetu

Mtemi, V-Strom 650 ninayo, ya sindano (mafuta yanapulizwa na sindano inayoongozwa na kompyuta, haina kabureta), tank lita 20. Swali lako nililifanyia kazi kwa sababu na mimi nilichoka kusikia namba za vijiweni. Nilichagua Tabora–Nzega kwenda na kurudi, barabara ile ile, sheli ile ile, pampu ile ile. Kilomita 231.

Mara ya kwanza nilishika 85, sizidishi. Ziliingia lita 9.4, hesabu inakuja 24.6 kwa lita. Mara ya pili, palipokuwa peupe nilishika 120. Ziliingia lita 12.6, yaani 18.3 kwa lita. Pikipiki ni moja, dereva ni mmoja, hata upepo wa tairi ni ule ule. Lita 3.2 zimeliwa na mkono wa kulia tu.

Na muda niliookoa ni kama nusu saa, kwa sababu kila kijiji kina kibao cha 50 na trafiki wa tochi kakaa chini ya mwembe anakusubiri. Unatoka 120 unashuka 50, unapanda tena. Kule kupanda ndiko kunakonyonya.

Kwa hiyo aliyekwambia 30 na aliyekwambia 12 wote waambie wakajaze tank kwanza.

Fundi Gungu

Ndono kaleta kitu cha maana, ngoja nikijazie upande wa ufundi.

Mwendo ukiongezeka, upepo unaokuzuia hauongezeki sawasawa na mwendo, unaongezeka kwa kipeo cha pili. Toka 90 kwenda 120 mwendo umeongezeka theluthi moja, lakini upepo unaokusukuma nyuma umeongezeka kwa karibu asilimia 78. Pikipiki kwa upepo ni kitu kibaya sana. Gari dogo limechongwa, wewe umekaa wima, mabega wazi, koti linapepea.

Ndiyo maana masanduku ya pembeni, yale ya bati, yanaumiza kuliko watu wanavyodhani. Kwenye lami mwendo mkubwa, abiria mwembamba aliyejificha nyuma yako hakuongezei sana, uzito unauhisi wakati wa kuondoka na kwenye mlima. Masanduku mawili yaliyotokeza nje yanakula kila sekunde, hata yakiwa matupu. Kama hubebi kitu, vua uache nyumbani.

Namba za kiwandani siyo uongo, ila zinapimwa maabara, gurudumu linazunguka kwenye roli, kwa ratiba maalum ya mwendo inayoitwa WMTC. Hakuna mbung'o kule wala kona ya mchanga.

Halafu mambo ya kijiweni kwangu, ambayo ndiyo yanaleta wateja wanaolalamika "imeanza kunywa": chujio la hewa limejaa vumbi, cheni imekauka au imekazwa mno, breki ya nyuma inashika, upepo wa tairi umepungua. Nyanyua tairi la nyuma, zungusha kwa mkono. Likigoma kuzunguka kwa uhuru, usiguse kabureta, anza na breki.

Mama Wawili Kasulu

Mimi siyo wa pikipiki kubwa ila natembea kweli. Nafanya kazi ya afya vijijini, pikipiki ya ofisi, 125, ya kabureta. Kasulu mjini kwenye lami kwenda upande wa Kibondo napata 45. Nikiingia njia za vijijini kiangazi inashuka 38. Mvua zikianza, kuanzia Novemba hivi, kwenye ule udongo mwekundu unatembea gia ya kwanza na ya pili, gurudumu linazunguka pikipiki haisogei, nimewahi kupata 27. Dereva wa ofisini alinishuku kwamba nauza mafuta! Nikamwambia panda wewe twende.

Kwa hiyo Mtemi, ukiuliza "inakula kiasi gani" taja na mwezi.

Bwana Mwandiga

Dada umenikumbusha mlima. Mimi nabeba mizigo Mwandiga kwenda Kalinzi na Manyovu. Pale unapanda kutoka usawa wa ziwa, ambao ni mita 770 na kitu juu ya bahari, hadi kwenye migomba na kahawa, baridi kabisa. Kupanda na mzigo TVS yangu ya 125 inakwenda 35 kwa lita. Kushuka mtupu naacha nyutro, siku nyingine nazima kabisa, hailambi kitu. Ukichanganya inakuja 55.

Fundi Gungu

Mwandiga, kuzima injini kwenye ule mteremko ipo siku utatuletea msiba. Breki ya dramu ikipata moto haishiki, na huna injini ya kukusaidia.

Na kwa pikipiki za sindano hiyo nyutro ni hasara. Ukiwa ndani ya gia, umeachia mafuta kabisa na gurudumu ndilo linaloizungusha injini, kompyuta inafunga sindano, hakidondoki hata tone. Ukiweka nyutro, inabidi imwage mafuta ili injini isizimike. Ya kabureta haina huo ujanja, inaendelea kunyonya kidogo. Lakini hata hiyo, shuka na gia.

Bwana Mwandiga

Nimekuelewa fundi. Ya kuzima naacha.

Mgeni Ujiji

Niongeze moja la mahesabu maana linachanganya watu. Kuna Mholanzi alilala kwetu, katoka Burundi kapitia Manyovu na BMW kubwa ile ya GS Adventure, tank lita 30. Nikamuuliza inakula ngapi, akasema "tano". Vijana waliokuwa pale wakacheka, kilomita tano kwa lita ni lori! Kumbe wenzetu wanahesabu lita kwa kilomita 100. Lita 5 kwa kilomita 100 ni 20 kwa lita. Kwa tank ile anakwenda kilomita 600 kama hajavuta sana.

Ukisoma ya Waingereza na Wamarekani kuna mtego mwingine, wote wanasema maili kwa galoni lakini galoni zao tofauti. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni 3.785. Maili 60 kwa galoni ya Uingereza ni kama 21 kwa lita, maili 60 kwa galoni ya Marekani ni 25 na nusu. Muuzaji wako Mtemi pengine kasoma moja akagawa kwa nyingine.

Mtemi wa Isevya

Muuzaji wangu hajasoma popote mkuu, kaangalia sura yangu tu.

Mrina Asali

Natumia Royal Enfield Himalayan, ile ya 411, tank lita 15. Sikonge, Ipole, hadi Mpanda, nafuata asali. Nashika 80 hadi 85 na mizigo laini nyuma. Napata 30, ikishuka sana 28. Haina mbio, ukiisukuma 110 inapiga kelele tu na mafuta inakula, kwa hiyo yenyewe inakufundisha adabu.

Kule shida siyo bei ya lita, ni pori. Mimi najaza Sikonge hata kama tank ina nusu. Ukitegemea petroli ya chupa njiani, chupa ya maji ya lita moja na nusu imejazwa mpaka wapi hujui, imekaa juani tangu lini hujui, na kama imechanganywa na mafuta ya taa utajua kwa moshi. Ukilazimika, weka kidogo ya kukufikisha sheli.

Na usitembee 40 pale Koga kwa kubana mafuta. Mbung'o wanakufuata kwa mwendo huo, wanaingia mpaka ndani ya kofia ngumu. Kuna mwendo wa uchumi na mwendo wa mbung'o, chagua.

Kibirizi mwisho wa reli

Jaza asubuhi kukiwa na baridi, unapata lita nyingi zaidi. Siri hiyo.

Fundi Gungu

Petroli inatanuka kama asilimia moja kwa nyuzi 10 za joto. Lakini tank la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halibadiliki asubuhi na mchana kiasi hicho. Unachookoa hakifiki hata kijiko.

Ndono Kwetu

Kuhusu pampu sasa. Kuna sheli moja, siitaji, tank langu la lita 20 liliingia lita 21 na lilikuwa halijakauka. Kwa hiyo kabla ya kulaumu pikipiki angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu, na ukiwa na shaka omba wapime kwa ile ndoo ya kipimo mbele yako.

La pili, jaza pikipiki ikiwa imesimama vile vile kila mara. Ukijaza imelala kwenye stendi ya pembeni leo, kesho imesimama wima, tofauti inaweza kufika nusu lita na zaidi kwenye tank kubwa. Kwa safari fupi hiyo inaharibu hesabu yote. Ndiyo maana kipimo cha kilomita 40 hakinishawishi, angalau 200.

La tatu ndilo kubwa: pima kwenda NA kurudi. Kiangazi upepo hapa unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki. Ukielekea Kigoma unakusukuma mgongoni, na kwa ujumla unashuka, Tabora iko kama mita 1,200, ziwani ni 770. Kurudi unapanda na upepo unakupiga kifuani. Mimi kwenda nimewahi kupata 25, kurudi 21, mwendo ule ule. Anayekwenda Kigoma kwa pikipiki akarudi kwa treni atakuletea namba tamu sana.

Mama Wawili Kasulu

Na bei ya huku usisahau. EWURA, wale wanaopanga bei kikomo za mafuta, wakitoa bei Jumatano ya kwanza ya mwezi, sisi wa Kigoma tunasoma kwa kufumba jicho moja. Mafuta yanashushwa bandarini, mpaka yafike mwisho wa reli yamebeba nauli yake. Jazeni Tabora wakuu.

Mtemi wa Isevya

Asanteni sana, sasa nina cha kumwambia mama watoto. Nimepiga hesabu hivi: kupanga safari nitatumia 18 kwa lita, ile mbaya ya Ndono, siyo 24. Tank lita 20, naacha 3 siziguse, zinabaki 17. Mara 18 ni kilomita 306 kabla sijaanza kutafuta sheli. Najaza Tabora, naongeza Kaliua hata kama haijadai. Boxer kwa njia nzima na kurudi ingekula kama lita 16, hii itakula kati ya 33 na 44 kutegemea mkono wangu. Ni zaidi ya mara mbili, simfichi. Atakachopima yeye ni kama mgongo wangu una thamani ya lita 20 kwa safari.

Muuzaji kakubali niipeleke Nzega na kurudi Jumamosi, mafuta juu yangu, yeye anakuja nyuma na gari lake. Ndono, ile sheli uliyotumia iko upande gani ukiingia mjini?

Ndono Kwetu

Nakuja inbox mkuu. Na ukifika, jaza pikipiki ikiwa wima.