Tupeane uzoefu: vijineno vya Kiingereza vilivyowahi kutuadhiri

Mama Mkomani
Jana usiku binti yangu wa sekondari kanirudishia zoezi nililomsaidia. Maswali kumi, makosa manne, na yote manne ni yangu mimi. Moja lilikuwa hili: "My father is used to ____ (sail) at night." Nikamwambia aandike "sail". Si kuna "to" hapo? Mwalimu kapiga mstari mwekundu, kaandika "sailing", na pembeni kauliza: nani alikusaidia? Nimekaa barazani nacheka peke yangu, mara nikakumbuka barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi, ile ya "I look forward to hear from you". Hawajanijibu mpaka leo. Watu wa Lamu, Malindi, Watamu, tupeane uzoefu. Nyinyi vijineno hivi vimewafanya nini?

Mla Mofa
Sita kwa kumi si haba. Mimi ningekosa hata jina.

Mtoto wa Maweni
Sisi wa Malindi balaa letu ni mara mbili, maana Kiingereza chetu kimepitia kwa Waitaliano. Mimi Kitaliano nilikiokota ufuoni kabla Kiingereza hakijakaa sawa. Mwingereza akiniuliza bei ya kwenda Gede namjibu, "It depends from the car." Mtaliano husema "dipende da", na hiyo "da" ni kutoka. Kumbe Mwingereza hutegemea "on", kama aliyeegemea kitu. Na "married with" ndiyo usiseme. Mtaliano ana "con", sisi tuna "ameolewa na", wote wanakusukuma kwenye "with". Mwingereza mwenyewe anaolewa "to"!

Bint Langoni
"To", kama mzigo unaopelekwa Mokowe 😂

Zamu ya Usiku
Yangu ilikuwa hoteli moja ya huku Malindi, siitaji. Usaili, watu watatu mezani. Wananiuliza kwa nini nataka kazi ya mapokezi. Nikajikaza: "Because I am very interesting, and I am never boring." Nilitaka kusema kazi inanivutia na hainichoshi. Mama mmoja akainama kuandika, mabega yanamcheza. Kazi nikapata, lakini miaka miwili mizima kila akipita pale mapokezi: "Habari yako, Mr Interesting."

Mstaafu wa Chaki
Mwanangu, "boring" ni kinachochosha, "bored" ni aliyechoshwa. Hotuba ikiwa "boring", wewe unayeisikiliza ndiye "bored". Wala hukukosa hapo tu. Ungesema "interested in", na nyuma ya "in" ungetia "working".

Mama Mkomani, "to" ziko mbili. Moja inakwenda na kitenzi, kama "ku" yetu. Ya pili ni kihusishi, ndugu yake "in", "at" na "of", na kitenzi kikifuata kihusishi huvaa "-ing". Ukitaka kuzitambua, tia "it" nyuma yake. "I am used to it" inakubali. "I look forward to it" inakubali. "I want to it" inagoma, kwa hiyo sema "I want to go". Sisi tunateleza kwa sababu "kuogelea" kwetu ni neno moja, liwe "to swim", liwe "swimming".

Mla Mofa
Mwalimu, nimekuelewa kabisa. Kesho nitakuwa nimesahau.

Nahodha wa Kaskazi
Hilo neno la kuogelea mulilolitaja hapo! Yeo mumenikumbusha jambo ambalo hata mke wangu sijamweleza lote.

Ilikuwa mwezi wa pili, kaskazi imetulia. Nilichukua wageni wanne kwa mashua kwenda Manda Toto kutazama samaki. Mmoja alikuwa bibi wa makamo, mkakamavu, kofia kubwa. Nikamuuliza kama ajua kuogelea. Akanijibu, na maneno ninayo mpaka sasa: "I used to swim every day."

Masikio yangu yalisikia nini? Nimezoea kuogelea kila siku. Nikasema huyu papa mwenyewe. Wenziwe nikawavisha majaketi ya kuelea, yeye alipolisukuma la kwake nikacheka, nikamwacha. Akajirusha.

Maji yalikuwa yameanza kupwa na mkondo unavuta kwenda nje. Mimi niko kwenye jiko la makaa nageuza changu, ndimu mkononi. Nikiinua uso naona kichwa kiko mbali kuliko kilivyopasa kuwa, na mkono mmoja uko juu. Nikadhani ananipungia. Wallahi, nikampungia na mimi! Mkono ukashuka, ukapanda tena nusu. Baharia wangu ndiye aliyetambua. Akajifunga kamba kiunoni, akajitosa. Nikang'oa nanga, upepo hautoshi hata kujaza tanga, nikashika kafi.

Tulimpata ameshakunywa maji. Kamba ameing'ang'ania hata ikabidi nimbandue vidole kimoja kimoja. Akakaa chini ya foromali anatetemeka, kofia haiko. Alipopata sauti akaniangalia: "I said I *used* to. Thirty years ago."

Samaki wote waliungua.

Zamu ya Usiku
Akampungia na yeye 😭😭 Subhanallah.

Mstaafu wa Chaki
"I used to swim" ni nilikuwa nikiogelea, zamani, sasa basi. "I am used to swimming" ndiyo nimezoea. Tofauti ni ile "am" na ule mkia.

Bint Langoni
Mwalimu, hapa si suala la mkia. Baharini hata papa anavishwa jaketi. Nahodha, usimtupie lawama "used to".

Nahodha wa Kaskazi
Nimekubali, dada. Sikuja kujitetea.

Mtoto wa Maweni
Ndiyo shida ya watu wa Lamu, kila mtu amezaliwa na bahari kwa hiyo hakuna anayejali usalama.

Nahodha wa Kaskazi
Wewe wa mashua ya kioo chini ndiye wa kunifundisha bahari? Nyinyi mwamtazama samaki kama televisheni.

Mtoto wa Maweni
Na hatujampungia mgeni anayezama.

Mla Mofa
Yule bibi alirudi? Alilipa? Mulioana?

Mama Mkomani
Jamani, nimeomba uzoefu, hii imekuwa baraza ya mashua. Mtoto ana zoezi jingine la kesho, ukurasa mzima wa "good ___", "afraid ___", "capable ___". Nani anajua dawa?

Mlinzi wa Shela
Dawa sina, aibu ninayo. Nilikuwa nalinda nyumba ya daktari mmoja Mzungu, akanisihi niache sigara. Nikaacha kweli, nikamwandikia kwa furaha: "I have stopped to smoke." Akajibu: sawa, ukimaliza nipigie. Alielewa nimesimama njiani nivute. Kwetu kuacha ni kuacha na kusimama ni kusimama, wao wana "stop" moja tu, mpaka utazame nyuma yake kuna nini.

Zamu ya Usiku
Dawa ni kuandika orodha na kuibandika chooni. Mimi nilijua "afraid of" na "capable of" nikiwa nimechuchumaa.

Bint Langoni
Orodha hazisaidii. Sikiliza redio ya Kiingereza kila jioni, sikio litazoea lenyewe. Sisi tuna "-ni" moja, mezani, baharini, jetini, basi. Wao "on the table", "in the sea", "at the jetty". Uko "in a car" lakini "on a ferry". Utaipanga vipi hiyo kwa orodha?

Mla Mofa
Dawa ni kukimeza hicho kijineno. Sema "I am good mmh swimming", atasikia anachotaka mwenyewe.

Zamu ya Usiku
Mwalimu, na "discuss about" je? Sisi tulichapwa kwa hiyo na hatukuambiwa sababu.

Mstaafu wa Chaki
"Discuss" ni "zungumzia". Ile "-ia" ya mwisho imeshabeba "kuhusu". Ukisema "discuss about" umebeba mara mbili.

Bint Langoni
Lakini mbona watu wasema "tuzungumzie kuhusu"? Hata kwenye taarifa ya habari.

Mstaafu wa Chaki
Hao nao wangechapwa.

Bint Langoni
Lugha ni ya watu, mwalimu, si ya fimbo.

Mstaafu wa Chaki
Ni ya watu, ndiyo. Na mtihani ni wa nani?

Mlinzi wa Shela
Nahodha, siku hizi wageni unawaulizaje?

Nahodha wa Kaskazi
Siwaulizi. Nawavisha wote, hata aliyesema ni mwanamaji. Na kwa ndugu Mla Mofa: alilipa, na aliniongezea ya samaki walioungua. Kuoana hapana.

Mama Mkomani
Haya, huyu hapa ameshika kalamu, macho yanamfumba. Ni "good in swimming" au "good at"?

Mstaafu wa Chaki
"At". Mwache alale.