Nikiomba ruhusa mtu anakakamaa, nikimchora kwa siri nafsi inanisuta. Mnafanyaje?

MkaaNaKivuli

Habari zenu wanajamvi.

Mwaka wa nne huu nachora sura za watu wa kawaida: anayesubiri basi, anayedeki ukumbi, mama aliyelaliwa na mtoto begani. Nilianza kwa kunakili picha za simu, sura zote zikawa zinatoka bapa, nikaachana nazo. Siku hizi nakaa kwenye benchi kituo cha mabasi na daftari dogo na kisanduku cha rangi za maji, nachora watu wasiojua kama wanachorwa.

Jumamosi nilikuwa namchora mzee mmoja mlinzi. Kofia ameishusha hadi kwenye nyusi, viganja viwili vimelala juu ya kichwa cha fimbo, kidevu kimeegemea viganja. Nilikuwa kwenye kivuli cha chini ya shavu nilipoona viatu vyake mbele yangu. "Nionyeshe." Nikampa daftari. Akalitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kumbe ndivyo nilivyochoka hivi?" Hakukasirika. Alinirudishia, akaenda kukaa palepale, ila safari hii amenyoosha mgongo, na hakuinama tena hadi nilipoondoka.

Huo mgongo ndio unaoninyima raha. Nilichukua kitu chake bila kumwambia.

Sasa shida ni kwamba nikiomba kwanza, mtu anaganda, anatoa tabasamu la picha ya kitambulisho, na yule niliyemwona anakuwa ameshapotea. Nyie mnaombaje?

Penseli4B

Mkuu, mimi siombi. Mchoro wa dakika tatu ni mazoezi ya mkono na jicho, na watu wenyewe wanahama kabla hujamaliza sikio. Akinigundua namwonyesha, akiutaka nampa. Kuna mpiga picha wa Marekani, Walker Evans, aliyeficha kamera ndani ya koti akawapiga abiria wa treni za chini ya ardhi New York kati ya 1938 na 1941. Zile sura hazipatikani kwa kuomba. Ila na yeye alisubiri hadi 1966 ndipo akazitoa kama kitabu, kwa hiyo kuchora ni jambo moja, kutundika ukutani au kuweka mtandaoni ni jingine. Hapo lazima uombe.

BibiWaBrashi

MkaaNaKivuli, pole, lakini nakushukuru kwa kuliuliza hili. Nimechora watu barabarani kwa rangi za mafuta muda mrefu, na mimi naomba. Kukakamaa kusikutishe, kunapita. Tatizo ni kwamba unaanza na uso wakati mtu bado amejiandaa.

Mimi nafanya hivi. Kwanza namwonyesha nilichochora jana, ajue kazi yangu ilivyo. Namtajia muda, dakika ishirini, na sizidishi hata moja. Nauliza anataka kutazama wapi, achague mwenyewe, mlango au mti au chochote kisichohama. Kisha dakika kumi za kwanza siugusi uso. Nachora mabega, mteremko wa shingo, ukosi, kivuli cha chini ya kidevu. Nafumba macho nusu ili nione giza na mwanga tu. Napiga alama ya mstari wa macho, na hapo kuwa makini: macho yako katikati ya kichwa kizima, kutoka utosini hadi kidevuni, wanaoanza wengi huyapandisha juu. Wakati huo tunaongea. Tabasamu la kitambulisho lina misuli, na misuli inachoka. Utaliona linavyoshuka, upande mmoja kwanza. Mdomo nauacha uwe wa mwisho kabisa.

Wala haya hayakuanza na sisi. Mwaka 1888 kule Arles, Ufaransa, mchoraji Mholanzi Van Gogh hakuwa na hela ya kulipa watu wa kukaa wachorwe. Akampata Joseph Roulin, mfanyakazi wa posta kwenye stesheni ya reli. Roulin alikataa malipo, wakawa wanakula na kunywa pamoja, na Van Gogh akaandika kwenye barua kwamba hivyo ndivyo alivyomgharimu zaidi. Aliandika pia kwamba jamaa alijikaza mno alipokaa, ndiyo maana akamchora mara mbili, ya pili akaimaliza kwa kikao kimoja tu. Baadaye alimchora tena na tena, na mkewe Augustine, na watoto wote watatu, hadi kichanga Marcelle. Kwa siri asingefika huko.

Kuhusu rangi: usibebe nyingi. Njano ya udongo, nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nyeusi ukiichanganya na nyeupe, kando ya ile njano inaonekana kama buluu. Na wewe wa rangi za maji kumbuka zikikauka zinapauka, basi vivuli vya uso vitie nguvu kuliko unavyothubutu.

Na yule mzee umrudie. Nakuomba.

Penseli4B

Dakika kumi bila kugusa uso? Nitaijaribu kesho.

MkaaNaKivuli

Nimemrudia leo. BibiWaBrashi, shikamoo na asante.

Nilimwambia ukweli, kwamba ule mchoro niliuchukua bila ruhusa yake na kwamba ningependa kumchora tena akijua. Akauliza, "Na kofia je?" Nikamwambia achague yeye. Akaivua, akaifuta kwa kiganja, akaiweka gotini. Paji lake lina mstari ulionyooka pale kofia inapokomea, chini ngozi imekolezwa na jua, juu ni laini na nyepesi kama ya mtu mwingine. Siku zote nilizomtazama kwa siri sikuwahi kuuona.

Alichagua kutazama saa ya ukutani. Mgongo ulikuwa wima hadi kama dakika ya kumi na mbili hivi, kisha mabega yakashuka yenyewe. Muda uliisha mdomo ukiwa bado. Amesema Alhamisi yuko zamu ya asubuhi.